Maji Mdomoni mwa Mshtakiwa

Nimeipokea hadithi hii leo asubuhi, nikaona ni uchoyo kukaa nayo.

Katika nchi ya Mbirani, mshtakiwa alijazwa maji mdomoni, akasimamishwa juani huku mashahidi wakisema. Akiyameza kabla hawajamaliza, ana hatia. Ndivyo walivyorithi, na hakuna aliyehoji.

Mfalme Shebwana alimwita Mwalimu Kidawa. "Mfundishe mwanangu Sudi historia na utawala. Mvua zikianza nitamjaribu. Akishindwa, uhame nchi yangu."

Kidawa aliogopa, maana wanawe walikuwa pale pale, na nyumba yake pia. Lakini hakufungua kitabu. Kila alasiri, usingizi ukielea uani, aliziamsha kesi za kale kwa maigizo, na kila mara Sudi ndiye aliyekuwa mshtakiwa.

"Mwalimu, mimi nitakuwa hakimu lini jamani?"

"Leo wewe ni mpiga baragumu, yule aliyehukumiwa na babu yako kwa uhaini. Jaza maji."

Kesi hiyo, jinsi msaliti alivyomeza maji, iliimbwa hata harusini. Sudi akasimama juani, Kidawa akaanza kutoa ushahidi taratibu. Sauti yake ikawa kama inatoka mbali, hadi Sudi akaliona baraza la zamani limemzunguka, watu wenye nyuso za ukungu, wanamtazama koo tu. Jua likawaka. Akameza.

"Nilikuwa na kiu tu!" akasema, machozi yakimtoka. "Na yule mpiga baragumu je, Mwalimu?"

Kidawa akamvuta kivulini. Naye alikuwa ameuimba wimbo ule tangu utotoni.

Mvua zikaanza, baraza likahamia ukumbini. Akaletwa mama mmoja aliyeshtakiwa kuiba ngoma ya mfalme, mashavu yamemjaa maji. Sudi akakalia kiti cha hakimu ili ajaribiwe. Kidawa alikuwa nyuma kabisa, furushi lake limeshafungwa.

"Kabla ya ushahidi," Sudi akasema, "sote tujaze maji. Nawe pia, baba, kwa heshima yako."

Wazee wakaguna, lakini wakajaza. Ikasikika mvua peke yake, na watu wakawa kama wanaota wakiwa macho.

Wa kwanza kumeza alikuwa mfalme.

Alimwinamia mwanawe kichwa kwa heshima, kisha akamgeukia mshtakiwa. "Mama, nami nimemeza, wala sikuiba kitu. Tema maji hayo. Tueleze wewe mwenyewe."

Mama akatema, akaanza kueleza. Kule nyuma, Kidawa akalifungua furushi lake huku akilia.

Funzo: Ukimsimulia mwanao kesi za zamani, usimpe kiti cha hakimu tu, msimamishe na pale aliposimama mshtakiwa. Aliyeionja kiu ya anayehukumiwa ndiye wa kukabidhiwa nchi.