Koja la Mlangilangi

Hapo zamani, na msiniulize zamani ipi, maana hata aliyenihadithia hakuniambia, palikuwa na mji ambao kila nyumba ina ua kwa nyuma, na kila ua una mti wake wa maua. Uani kwa Bwana Haidari mlikuwa na mlangilangi. Mnaujua mlangilangi? Maua yake ni ya manjano, marefu, yamelegea kama vidole vya mtu aliyelala, na ukiinusa harufu yake unasahau ulikokuwa unakwenda.

Mti ule aliupanda mkewe, Mwanakheri, alipomzaa binti yao Ghanima. Alifukia kitovu cha mwanawe chini ya mche, akasema, "Mwanangu ataolewa kwa maua ya mti huu, na mimi kwa mkono wangu nitamvika koja."

Sasa sikilizeni desturi ya mji ule. Bibi harusi hatoki kwao mpaka mamaye amvike koja shingoni mbele ya watu, maua yaliyotungwa uzini asubuhi ileile. Koja ni moja na mkono ni mmoja. Ikiwa mama hayupo, basi atakayemvika ndiye atakayeitwa Mama na bibi harusi, tangu siku ile mpaka kaburini.

Mwanakheri akafa. Ghanima hata kutembea hajajua. Kazi ya Mungu haina makosa, lakini wallahi nyingine inauma.

Dada yake Haidari, Bi Sauda, akasimama mbele ya mti ule akasema, "Mti huu ni wa marehemu. Atakayeukata amemkata Mwanakheri." Na Bi Sauda akisema, amesema. Hakuna aliyethubutu kuugusa hata kwa kisu cha kumenyea ndizi.

Mti ukakua. Ukapita dirisha, ukapita paa, ukaenda zake juu. Chini matawi yakasuguana, mengine yakakauka. Maua yakawa huko kileleni, wanayafaidi kunguru. Ghanima akakua anaisikia harufu ya mamaye kila alfajiri, na asiwahi kuligusa ua moja likiwa bichi. Yaliyomfikia chini yalikuwa yamekwisha kuwa meusi.

Haidari alikuwa ameoa tena. Mkewe huyu, Bi Mwanashamba, ndiye aliyemlea Ghanima, akamwogesha, akamkeshea alipopatwa na homa. Lakini mtoto alikuwa akimwita "Bi Mwanashamba", basi, kama anavyomwita jirani. Bi Mwanashamba alikuwa akiitika. Angefanya nini?

Ghanima akachumbiwa, harusi ikawekwa msimu wa maua wa mwaka wa pili. Akamwambia babaye, "Baba, mimi sitoki nyumba hii bila maua ya mama yangu. Ya sokoni siyataki."

Wapandaji wakaletwa, wakatazama juu, wakakataa. Mti wa mlangilangi ni mwepesi kuvunjika, na nani anataka kufa kwa ajili ya harusi ya mwenziwe?

Ndipo Bi Mwanashamba, binti wa watu wa mashamba, akatoka jikoni na msumeno. "Mti huu ukipunguzwa kimo," akasema, "maua yatashuka yenyewe."

Kilikuwa kiangazi. Jua linachoma mpaka kuku wanatweta. Bi Sauda akaja mbio, akaukumbatia mti kwa mikono miwili.

"Huukati, wifi! Huoni umejaa vitumba vya maua? Na jua hili litaubabua gome. Mti hukatwa ukishamaliza kuchanua, mvua ikiwa mlangoni. Leo ukiujeruhi utakunywa nini upone?"

Mmemsikia? Kumbe yeye aliyekataza usikatwe, miaka yote alijua unakatwa lini.

Bi Mwanashamba akaweka msumeno chini. "Basi siku ikifika utaniambia?"

Bi Sauda akageuka, akaenda zake. Akakaa na siri yake mdomoni, kiangazi chote. Maua ya mwisho yakadondoka. Upepo ukageuka, udongo ukaanza kunukia. Bi Sauda akaja uani, kanga yake imelowa machozi, akasema neno moja: "Leo."

Bi Mwanashamba akaunoa msumeno, akaupitisha motoni. Akaanza na matawi makavu, kisha yanayosuguana. Akafika kwenye makubwa. Kila tawi alilikata kidogo kwa chini kwanza, ndipo akaja juu, ili likianguka lisichune gome la shina. Hakulikata tawi kwa kulibandua shinani, wala hakuacha kigutu kirefu. Alikata pale tawi linapoanzia, nje kidogo ya ile nundu iliyo shingoni mwa tawi, maana kidonda cha mti hufungwa na nundu hiyo. Mwisho akakata kilele, mshazari, maji ya mvua yasituame. Mti uliopita paa ukabaki kimo cha mtu na nusu, na matawi machache ya chini yenye uhai.

Looo! Mji ukachafuka. Aliyepiga kelele zaidi alikuwa Bi Kazija, jirani msokota kamba, aliyekuwa somo wa marehemu, msiri wake wa kufa na kuzikana. Alipanda juu ya kinu akachungulia ukutani, akapaza sauti: "Mama wa kambo si mama! Amemuua Mwanakheri mara ya pili!" Ghanima naye akajifungia chumbani, wala hakuonja chakula cha mkono ule.

Mvua ikanyesha. Mti ukachipua, na machipukizi yakaenda juu, wima, kwa haraka, hayana dalili ya ua. Bi Mwanashamba akayatazama na ujuzi wake umeishia hapo.

Bi Kazija akaja kumsimanga tena. Akaingia uani, akaona, matusi yakamkauka.

"Mti huu unataka kukimbilia juu tena," akasema. "Tawi likilazwa ndipo huchanua. Samaki mkunje angali mbichi."

Akaleta kamba zake za makumbi ya nazi, pana na laini, zisizokata gome. Akafunga kila chipukizi, akaliinamisha, akaifunga kamba kwenye kigingi ardhini. Leo kidogo, kesho kidogo, mpaka matawi yakalala kama mikono ya mtu anayekaribisha wageni. Na wakati wote ule hakumsalimu Bi Mwanashamba hata kwa jicho.

Sasa jamani, nisikilizeni, maana hapa mimi mwenyewe nikifika mwili hunisisimka.

Asubuhi ya harusi, kabla jua halijatoka, waliokuwa wakirudi msikitini walisimama njiani wote. Hakuna aliyewasimamisha. Ni harufu. Wakaifuata mpaka kwa Haidari, wakasukuma mlango wa ua, wakaingia. Mti ule uliokuwa gutu ulikuwa dhahabu tupu, toka shingoni mpaka ardhini. Maua yamening'inia kimo cha kifua, kimo cha magoti, mengine yamegusa mchanga. Kikongwe mmoja akavua viatu. Mtu akanong'ona, "Subhanallah," na wengine wakaitikia kwa pumzi tu. Ghanima akatoka chumbani, akanyoosha mkono, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akalishika ua la mamaye likiwa bichi, lina umande. Akalia, na sisi tungelia.

Koja likatungwa. Haidari akauliza, "Nani atamvika?"

Bi Sauda akasema, "Mimi. Ningenyamaza siku ile ya jua, leo hapa pangekuwa na kuni. Na niliposema leo, nilivunja neno langu mwenyewe kwa ajili ya mtoto huyu."

Bi Mwanashamba akasema, "Mimi. Wote mliogopa, mkono uliokata ni huu. Nilitukanwa na mji mzima, na mwanangu niliyemlea akaninyima uso wake. Sikuacha."

Bi Kazija akasema, "Mimi. Wao walipata majani. Maua yaliletwa na kamba zangu. Nilimtukana asiyestahili, nakiri, lakini mwenye mti alikuwa somo yangu, na mkono wangu ulikuwa mkono wake."

Usiniambie wewe hapo nyuma kwamba walishike wote watatu! Nimekwisha kukwambia, koja ni moja na mkono ni mmoja. Na usiniambie likatwe, uzi ukikatwa maua humwagika.

Ghanima akawatazama. Akafumba macho, akainamisha shingo, akaita taratibu neno ambalo hakuwahi kumwita mtu aliye hai:

"Mama."

Na wote watatu wakaitika kwa pamoja, "Labeka!"

Koja bado liko kwenye sinia, na umande unakauka. Je, nani alistahili kumvika?