Mama Ndeshi na Bia Tatu Nyeusi

Tajiri Temba, ambaye watu walimwita Mangi, yaani chifu, alitaka kibanda cha Mama Ndeshi, muuza mbege, pombe ya ndizi, kivunjwe, eti kinaiaibisha baa yake mpya.

"Nakufunga macho uonje bia zangu tatu nyeusi: ya maziwa, ya kahawa, na ile kavu isiyo na utamu. Ukizitambua zote, unabaki. Ukikosa hata moja, unahama leo leo."

"Sawa, Mangi. Ila nizionje zote kwanza, ndipo nizitaje."

Akafungwa kitambaa mbele ya wateja. Akaonja ya kwanza, akatema. "Mh! Hii imefuliwa soksi."

"Mshamba we!" Temba akafoka. "Maziwa yote hayo huyasikii?"

Ya pili. "Hii masizi ya sufuria."

"Masizi? Kahawa ya Kibosho hiyo, nimeichagua mwenyewe!"

Ya tatu. "Loo, maji ya betri!"

"Bia kavu ndivyo inavyotakiwa kuwa, mjinga wewe! Haya, taja, tucheke!"

Mama Ndeshi akafungua kitambaa taratibu. "Maziwa. Kahawa. Kavu."

Baa nzima ikaangua kicheko. Temba akakodoa macho. "Umejuaje?"

"Ulimi wangu unajua mbege tu, Mangi. Nilikutukania bia, wa kwako ukanitajia."