Pumzi ya Shimo la MaKhoza

"Ajuaye mlango wa shimo hajui pumzi yake." Ndivyo babu yenu alivyomwambia fundi asubuhi, alipotaka kuruka ndani ya kisima kilichofunikwa tangu masika, naye fundi akacheka. Mnataka kujua usemi huo ulitoka wapi. Wazee wetu Wangoni walikuja nao kutoka kusini, kwenye nchi ya Wazulu, na chimbuko lake ni hili.

Huko aliishi mjane aliyeitwa MaKhoza, kwa jina la ukoo wa baba yake, kama walivyoitwa wake wa huko. Watu wa kijiji chake waliweka mtama chini ya zizi la ng'ombe. Walichimba shimo lenye tumbo pana na shingo nyembamba, wakalijaza, wakalifunika kwa jiwe bapa na kuliziba kwa samadi, kisha ng'ombe wakakanyaga juu. Adui angeweza kulala papo hapo asijue kuwa amelalia chakula.

Mwaka mmoja MaKhoza alimpokea mtoto, Velaphi, mwana wa chifu aliyeuawa na ndugu zake. Wauaji walipofika kumtafuta, MaKhoza alifanya jambo ambalo mwanamke aliyeolewa pale hakuruhusiwa: aliingia zizini. Akamshusha mtoto shimoni, akarudisha jiwe, akaketi nje akisuka mkeka. Wauaji waliondoka mikono mitupu.

Velaphi akakua akimwita mama. Alipokuwa kijana alirudi kwao, akatwaa kiti cha baba yake. Hakutosheka. Kila kiangazi alimeza kabila jingine, hadi watu wakawa wanamwamkia "Bayete!" kwa kuinamisha vichwa, kama waamkiavyo wafalme.

Habari zilipofika kwamba jeshi lake linapanda bonde, wanakijiji walitaka kuchukua mbegu na kukimbilia milimani. MaKhoza akawazuia.

"Yule ni mwanangu. Amekunywa maziwa yetu. Hatatugusa."

Wakamwamini, wakabaki.

Askari walipekua kila nyumba wasione hata punje. "Mfalme," jemadari wake akasema, "hawa wanakula upepo." Jeshi likacheka. Velaphi hakucheka. Alimpita MaKhoza bila kumwamkia, akaingia zizini, akatembea hadi katikati, akapiga kisigino chini.

"Fukueni hapa."

Wanakijiji walimgeukia MaKhoza, si mfalme.

"Velaphi," alisema kwa sauti ndogo, "hiyo ni mbegu. Ukiichukua, bonde hili litakuwa makaburi."

"Jeshi halili huruma, Mama."

Samadi ikafukuliwa, jiwe likaondolewa. Askari wakasita, maana zizi ni makao ya mizimu ya wenyeji. Velaphi akatupa ngao yake chini. "Mnaogopa shimo? Mimi nilijificha humu nikiwa mtoto!"

Hapo MaKhoza akaingia zizini mbele ya wanaume wote. "Usiingie! Liache lipumue kwanza! Teremsha nyasi zenye moto, ukiona zinazimika..."

"Mtazameni mama anavyopigania mtama wake," Velaphi akawaambia askari, kisha akamgeukia. "Si uliniingiza kwa mikono yako? Mbona sikufa?"

"Siku ile lilikuwa tupu! Lilishinda wazi tukilikausha! Sasa limezibwa tangu mavuno, hewa yake ni sumu. Mwanangu, nakuapia!"

"Uliniapia pia kwamba dawa ya tumbo ni tamu," alijibu, akatabasamu kama zamani. Kisha akajitosa.

Walisikia miguu ikitua juu ya mtama. Wakasikia kikohozi kimoja. Kisha kimya.

"Mfalme?" jemadari aliita. "Mfalme!" Akanyakua kijinga cha moto jikoni, akakiteremsha. Kilizimika kabla hakijapita shingo ya shimo, kana kwamba mtu amekipuliza.

Mtu ambaye mikuki ya makabila mazima haikumweza alikuwa amekufa bila jeraha, mahali palepale alipookolewa. Askari walirudi nyuma hatua kwa hatua, wengine wakaacha ngao zao, wakateremka bonde bila kugusa punje.

MaKhoza alibaki amepiga magoti ukingoni. Jirani yake akamshika bega. "Mbegu imepona, dada. Mbona unalia?"

"Nilimfundisha pa kujificha," alisema. "Sikumfundisha lililobaki."

Walingoja shimo lipumue, hadi nyasi zenye moto zikafika chini zikiwaka. Ndipo wakamtoa, punje za mtama zimemnata mashavuni. Mvua ziliponyesha MaKhoza alipanda mbegu ile pamoja na wenzake. Lakini mavuno yake alikataa kuyaonja.

Basi fundi akirudi kesho, mpelekeni nyasi na kiberiti, na akicheka msicheke naye. Mwambieni kwa adabu: ajuaye mlango wa shimo hajui pumzi yake.