Mwenyekiti Aliyekataa Seva ya Bure

Hii nimetumiwa na shemeji yangu wa Tukuyu, nikacheka mpaka chai ikapoa. Isome, kisha mrushie yule rafiki yako anayeamini kila cha bei kubwa ndicho bora.

Palikuwa na chama cha watu wanaotengeneza programu za kompyuta za kucheza chesi. Elewa vizuri: wao wenyewe hawachezi. Zinacheza programu zao, kompyuta kwa kompyuta, kupitia mtandao, na mwenye programu anakaa pembeni kuisifia.

Mwenyekiti wao aliitwa Lutengano. Mashindano ya mwaka yalipokaribia, ilibidi wachague seva, yaani uwanja wa mtandaoni wa kuchezea. Katibu, Bi Sekela, akapendekeza seva ya bure.

"Hii ni ya watu kama sisi," alisema. "Ukijiandikisha inakuuliza: wewe ni mtu au programu? Unajibu, unacheza, basi."

"Ya bure?" Mwenyekiti akang'aka. "Bi Sekela, nimemwalika baba mkwe aje kutazama! Miaka yote ananiona najifungia chumbani na kompyuta, anadhani binti yake kaolewa na mvivu. Nimkaribishe kwenye cha bure?"

"Lakini hiyo ya kulipia ni ya wachezaji watu. Umesoma masharti?"

"Masharti husomwa na wasio na hela. Rahisi ghali, Katibu!"

Mwenyekiti huyu akishataja methali, kikao kimefungwa. Wakalipia. Kila programu ikaandikishwa kwa jina la mwenyewe, kana kwamba ni mtu.

Siku ikafika. Mzee Mwaisaka, baba mkwe, akaketishwa kwenye kochi mbele ya skrini kubwa, akapewa ndizi za kuchoma. Mchezo ukaanza. Programu ya Bi Sekela ilikuwa inafagia kila kitu, mara skrini ikaandika: "Akaunti imefungwa. Mchezaji huyu anatumia kompyuta."

"Sasa ulitaka itumie nini?" Bi Sekela akaifokea skrini.

Ikafuata ya mhazini: imefungwa, anatumia kompyuta. Ya makamu nayo, imefungwa. Ukumbi mzima ukawa unagombana na skrini. Ikabaki moja tu, ya Mwenyekiti. Na kwa kuwa wapinzani wote walikuwa wamefukuzwa, ikatangazwa bingwa.

Lutengano akaruka juu kwa furaha. "Baba, umeona? Bingwa!"

Mzee akavaa miwani, maana chini ya jina la bingwa palikuwa na maandishi madogo. Akayasoma kwa sauti, taratibu, kama anayesoma matangazo kanisani:

"Mchezaji huyu alichunguzwa kama wengine. Amemwacha malkia wake, kete yenye nguvu kuliko zote, aliwe katika kila mchezo. Tunathibitisha kwamba hakuna kompyuta inayoweza kucheza hivi."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Maskini Lutengano alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Hongera, mwanangu," Mzee Mwaisaka akasema, akimpa mkono kwa heshima zote. "Sasa nimejua huko chumbani ulikuwa unafanya nini. Ulikuwa unalala."

Funzo: Kabla hujajivunia bei ya uwanja, uliza kwanza ulijengwa kwa ajili ya nani, usije ukalipa kiingilio cha kwenda kutazama aibu yako mwenyewe.