Kiatu cha Chuma cha Ned Pask

"Kwani ni lazima iwe leo?"

Aliyeuliza ni Gemma Pask, alasiri ya Jumapili moja ya mwezi wa kumi, akiwa amesimama kwenye uzio wa kiwanja cha Kestleby akiwa bado amelowa mvua ya asubuhi. Mkononi alishika helmeti ya kaka yake. Watu walikuwa tele pale, wenye majembe, wenye ndoo, wenye mafagio. Walimsikia. Mmoja aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye fagio lake.

Basi sogeeni. Anayejua kila kitu akae nyuma, maana nikimaliza nitataka jibu, na sitaki lile la haraka.

Kestleby ni mji mdogo wa Uingereza, mashariki huko, mashamba ya kabichi pande zote. Timu ya mpira ya maana haukuwa nayo. Ulichokuwa nacho ni Korongo, timu ya ligi ya mbio za pikipiki za duara. Kama hujapata kuziona, ni hivi: waendeshaji wanne, wawili wa kila timu, mizunguko minne kwenye njia ya udongo, wote wakikata kushoto tu. Pikipiki zenyewe hazina breki. Si kwamba zimeharibika, hazikuwekewa. Akifika kwenye kona, mwendeshaji huangusha mguu wa kushoto chini na kuiacha pikipiki iteleze kiubavu, na ili mguu usiliwe na udongo, hufunga chini ya buti kiatu cha chuma.

Korongo walikuwa na desturi yao. Kila msimu ukiisha, nahodha huvua kile kiatu cha chuma na kumpa shabiki mmoja, yule ambaye bila yeye msimu usingekuwa msimu. Shabiki hukitundika juu ya mlango wa nyumba yake. Ukipita mitaa ya Kestleby utaviona, vimekwaruzika hadi vinang'aa. Watu wa mji ule wangekusamehe ukisahau siku zao za kuzaliwa. Kukosea kiatu kipi kiko mlango wa nani, hapana.

Nahodha mwaka ule alikuwa Ned Pask, kaka yake Gemma. Na kati ya mashabiki wake walikuwamo Waswahili watatu.

Wa kwanza ni Kazungu, wa Ganze, dereva wa trekta kwenye mashamba ya kabichi. Kipaji chake kilikuwa udongo. Akiukanyaga kwa kisigino alijua umelewa maji kiasi gani. Wa pili ni Semboja, wa Tanga, kinyozi. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Mtu aliingia dukani kwake amenuna, akatoka amenyolewa na anacheka. Wa tatu ni Bi Amriya, wa Lamu, mhudumu wa gari la wagonjwa. Yeye kipaji chake kilikuwa utulivu. Wengine wakipiga kelele, sauti yake hushuka.

Jumapili ile ilikuwa siku ya mwisho ya ratiba. Mwenye kiwanja, bwana mmoja ambaye hakuwahi kuonekana na tope kwenye viatu, alikuwa ametamka mbele ya watu wote: "Mkiingia fainali, nawapa msimu mwingine. Msipoingia, nauza, zijengwe nyumba." Ili waingie fainali, Korongo walipaswa kushinda siku hiyo. Mbio zikiahirishwa, nafasi inakwenda kwa wageni. Na mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri.

Mchana mvua ikakatika. Refa akaja, akachomeka mwavuli wake kwenye njia, ukazama.

"Hapa mnataka pikipiki?" akasema. "Hapa leteni bata."

Kazungu akavua kofia. "Bwana refa, nipe muda kidogo tu. Bata wataondoka wenyewe."

Akapanda trekta. Akakwangua tope la juu, akalisukuma nje, akazunguka tena. Kisha akamwaga maranda ya mbao, magunia kwa magunia, mashabiki wakisambaza kwa mafagio. Kona ya kwanza ndiyo iliyomsumbua. Alimwaga, maji yakayameza maranda. Akamwaga tena, akashuka, akakanyaga kwa kisigino. Ikakubali. Refa akarudi, akachomeka mwavuli, ukasimama juu. Ni hapo Gemma alipouliza swali lake, na ni fagio la Kazungu lile lililorudi kazini.

Njia ikawa tayari, lakini waendeshaji wakagoma. Walikaa kwenye benchi, timu zote mbili, mikono kifuani kama wanafunzi waliokataa mtihani. Semboja akaingia. Nywele za wengi wa Korongo alikuwa amezikata Alhamisi iliyotangulia.

"Ned, mwanangu, una nini?"

"Semboja, ile kona ya kwanza inapumua. Nimeipitia kwa miguu. Inapanda na kushuka."

"Jamani, hata wewe nikikunyoa unapumua. Nimewahi kukukata sikio?"

Wakacheka. Mmoja akasema kumbe alikatwa sikio yeye, wakacheka zaidi. Semboja akawaambia habari za viatu vilivyo juu ya milango, za watoto waliokuwa wamekaa nje tangu asubuhi na tarumbeta zao, za nyumba zitakazojengwa pale Ned alipoanza kupanda pikipiki akiwa na miaka minane. Hakumlazimisha mtu. Ned akasimama, akajinyoosha, wenzake wakamfuata, na wageni nao nyuma yao.

Sasa pikipiki zinawashwa, na gari la wagonjwa lililokodiwa likaitwa kwenye ajali ya barabara kuu. Likaondoka. Na sheria ya mchezo haina mjadala: bila gari la wagonjwa na watu wake, kamba za kuanzia haziinuliwi. Refa akakunja karatasi zake. Bi Amriya alikuwa likizoni siku hiyo, amekaa jukwaani na chupa ya chai na kopo la sambusa. Akatoa simu.

"Halo. Mmelala? Amkeni. Njooni na gari la wale wa kujitolea. Ndiyo, sasa. Nina sambusa, za nyama. Msimamizi nitakuwa mimi."

Wakaja wawili, mmoja bado amevaa ndara. Bi Amriya akavaa koti lake la kijani, akasimama mlangoni pa gari, akamtolea refa ishara ya kichwa. Kamba zikainuka.

Mnaona? Mtu mmoja angekosekana, watu wangerudi majumbani kula chakula cha Jumapili.

Mbio za siku hiyo zilikuwa nyingi, na kabla ya ile ya mwisho timu zilikuwa sawasawa kwa pointi. Wale watatu wakakutana kwenye kibanda cha chai, kando ya gari la wagonjwa, nguo zimelowa, nyuso zimechangamka.

"Mlangoni kwangu msumari uko tayari," Kazungu akasema.

"Huo ni wa kutundikia koti, ndugu yangu," Semboja akamjibu. "Nani kamwinua Ned kwenye benchi? Udongo wako?"

"Bila udongo wangu angeinuka aende wapi, kuogelea?"

Bi Amriya akapuliza chai yake. "Semeni tu. Bila mimi mngekuwa mnatazama majembe. Kiatu ni changu, na nitakitundika sebuleni, si nje. Nje kitapata kutu."

"Dada Amriya, sebuleni ni uchoyo!"

Walicheka hivyo. Kumbukeni walivyocheka.

Mbio ya mwisho Ned alitoka vibaya, wa tatu. Mzunguko wa pili akampita mmoja kwa ndani. Wa nne akampita aliyebaki mbele kwa nje, akikwaruza uzio, kiatu cha chuma kikitoa cheche. Akavuka mstari akiwa wa kwanza. Korongo wameshinda, Korongo wako fainali, tarumbeta zote zikalia pamoja. Ned akasimama juu ya pikipiki, akainua mkono kuelekea jukwaa na gari la wagonjwa, upande waliokuwa wale watatu.

Mbele yake ilikuwa kona ya kwanza. Chini ya maranda kona ikapumua, gurudumu la mbele likazama, Ned akarushwa.

Bi Amriya alikuwa ameshafika kabla tarumbeta hazijanyamaza. Sauti yake ilikuwa chini kuliko siku zote. Alimshika shingo, akamwelekeza yule wa ndara wapi pa kupiga magoti, na madaktari walisema baadaye kwamba angechelewa kidogo tu, Ned angekufa palepale. Hakufa. Ila kuanzia kifuani kwenda chini hasikii kitu, na hatasikia.

Sasa ngoja niwaambie la kuwachoma. Kiwanja kiliuzwa. Kilikuwa kimeuzwa tangu mwezi wa nane. Mwenye kiwanja alipowapa watu ahadi ile, wanunuzi walikuwa wameshapima mahali pa kuweka mabomba. Gazeti la mji likaandika, watu wakasoma, yeye akahamia pwani ya kusini. Kwa hiyo jibu la Gemma lilikuwepo wakati wote. Haikuwa lazima iwe leo. Wala kesho. Haikuwa lazima kabisa.

Mwezi wa pili, kukiwa na baridi ya kukata masikio, Gemma aliingia dukani kwa Semboja. Kazungu alikuwa kitini, shuka shingoni. Bi Amriya alikuwa amepita kusalimia. Gemma akaweka kitu kwenye kaunta, kikalia: chuma.

"Ned kanituma," akasema. "Anasema apewe yule aliyefanya mbio ile iwepo. Anasema ile ndiyo mbio bora aliyowahi kuendesha, na hajutii. Anataka kujua tu kiko juu ya mlango gani. Analala akifikiria huo mlango."

Wale watatu wakakitazama. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Mimi ni mtu wa udongo," Kazungu akaanza. "Udongo haumpandishi mtu pikipiki. Kuna aliyempandisha."

Semboja akazima mashine ya kunyolea. "Mimi nilifanya mzaha. Mzaha, bwana! Tangu lini mzaha ukaendesha mbio? Refa alishakunja karatasi zake. Nani alimfanya azikunjue?"

"Mimi niliwaletea watu gari la kuokoa," Bi Amriya akasema. "Likaokoa. Hilo nalo ni kosa? Na yale maranda ya kufunika maji niliyamwaga mimi?"

"Nilikanyaga! Wallahi vile, dada, nilikanyaga ikakubali!"

"Yeye alikwambia inapumua," Bi Amriya akamgeukia Semboja. "Alikwambia kwa kinywa chake."

Semboja akakaa kwenye kiti cha wateja. Tangu siku ile hatanii tena. Anauliza fupi au wastani, basi.

Gemma aliwaacha wazunguke hivyo, kisha akasema taratibu, "Siku ile kila mmoja alisema bila yeye hakuna mbio. Nilikuwa nyuma yenu kwenye foleni ya chai, niliwasikia. Leo kila mmoja anasema yeye peke yake hakuweza kitu. Mimi si wa kuchagua. Ila Alhamisi naenda hospitali, na Ned ataniuliza: mlango gani? Nikimwambia hakuna aliyekitaka, ataelewa. Ataelewa kwamba siku yake bora ni siku mnayotamani isingekuwepo. Hana nyingine."

Akafunga koti lake, akatoka. Kiatu kikabaki.

Sasa nyinyi. Najua mtakayoniletea, kwa hiyo niyaondoe mapema.

Msiniambie wagawane. Ni chuma, na mlango anaoungoja Ned ni mmoja. Wala msinitajie mvua. Mvua haina mlango. Mwenye kiwanja msimguse kabisa, ingawa nikimkumbuka damu inanichemka. Angepewa kiatu kile angeuliza kinauzwa kiasi gani, na desturi inasema shabiki. Na yule wa nyuma anayetaka kusema Ned ni mtu mzima, alipanda mwenyewe: sawa, alipanda mwenyewe. Je, hilo linatundikwa wapi?

Mpeni Bi Amriya, mwingine atasema, maana ndiye aliyemrudishia uhai. Lakini ni yeye pia aliyemkubalia refa kwa kichwa, na kila wiki huenda hospitali kusaidia kumgeuza Ned kitandani asipate vidonda. Mnataka akitoka pale akakute chuma sebuleni? Mpeni Semboja, basi, ambaye bila ulimi wake Ned asingeonja mbio ile tamu kuliko zote. Ni yeye aliyeambiwa kona inapumua, akacheka. Mpeni Kazungu, aliyeondoa bata. Kazungu siku hizi huenda peke yake palipokuwa kona ya kwanza. Wamemwaga zege pale. Hulikanyaga kwa kisigino.

Ikiwa ni zawadi, ipo sababu ya kumpa kila mmoja. Ikiwa ni lawama, sababu ni ileile, neno kwa neno. Na atakayekipokea hatapewa kimoja bila kingine. Asipopokea mtu, anayeadhibiwa ni yule aliyelala hospitali akingoja kuambiwa mlango.

Kiatu kiko kwenye kaunta ya Semboja, kati ya mashine na chupa ya spiriti. Wateja hukizunguka kulipa. Leo ni Jumatano.

Ninakuomba jambo moja tu: nitajie jina, kisha twende wote ukamkabidhi kwa mkono wako.