Kwa Nini Mfereji wa Kigonda Una Wasemaji Wengi

Enzi hizo mfereji wa Kigonda, kule milimani, ulikuwa na msemaji mmoja tu, Bibi Nakiete. Kila mwaka, siku ya kuuzibua, aliwatangulia watu kutoka bondeni hadi chemchemi, akiwaeleza mawe saba yaliyo kando ya mfereji: nani alichimba hapa, nani alilala njaa pale. Zamu za maji ziligawanywa kwa maelezo hayo. Ambaye ukoo wake haukutajwa hakupata maji.

Watu walisikiliza, wakasifu, wakaenda zao. Hakuna aliyejifunza. Kwani Bibi si yupo? Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Naye Bibi alikuwa amechoka, amechoka hasa, magoti yamevimba, hata sauti yake mwenyewe ameikinai.

Mwaka mmoja, jua likiwaka, alifika jiwe la tano akaketi. Akawaambia yaliyobaki wanayajua. Wapi! Mawe mawili ya mwisho ndiyo yaliyoeleza jinsi watu wa Bondeni walivyovunja mwamba wa chemchemi kwa misimu mitatu mpaka maji yakapita.

Ukame ulipoingia, watu wa Juu, wanaokaa karibu na chemchemi, wakafunga lango la maji. Wakasema huku kwenye chemchemi Bondeni hawakutajwa. Maharage ya Bondeni yakaanza kunyauka, na Bibi akapanda tena mlima, anajikongoja na fimbo, kwenda kwa Kiondo, mgawa zamu wa Juu. Akamweleza yote aliyoyaruka. Kiondo hakumdhihaki.

"Bibi, tumwamini Nakiete wa siku ile, au wa leo?"

"Siku ile nilichoka, mwanangu. Na leo nimechoka zaidi. Lakini babu yako amelala chini ya jiwe la saba, na waliomzika ni watu wa Bondeni, waliokuwa pale wakivunja mwamba."

Mama yake Kiondo alikuwa pale anachambua mboga. Akasema naye alilisikia hilo kwa mama mkwe wake, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.

Lango likafunguliwa, lakini nusu ya maharage ilikwisha kufa. Bibi aliyalilia kama aliyeyang'oa kwa mikono yake.

Na tangu siku hiyo, watu wa Bondeni hueleza mawe yanayowataja watu wa Juu, na watu wa Juu hueleza yanayowataja watu wa Bondeni. Wageni wanaokuja siku hizi na kamera zao hungoja. Wachovu hupumzika, kisha huendelea. Na maji hayafunguliwi mpaka mtu wa Juu, kwa kinywa chake mwenyewe, awe amelimaliza jiwe la saba.