Lango la Uwanja wa Bondeni

Sogezeni viti, wakubwa kwa wadogo. Kisa nitatoa mimi, hukumu mtatoa ninyi.

Zamani zile mtaani kwetu Bondeni walikuwepo watu watatu. Nekesa, muuza samaki wa kukaanga, alijaliwa sauti: akiimba, watu waliacha ugali jikoni wakatoka nje. Tsuma, muuza maziwa, alijaliwa macho: sura aliyoiona mara moja hakuisahau. Na Barasa, mgeni wetu, alijaliwa ucheshi: ukikaa naye kidogo tu, unamwambia hata usilomwambia mkeo.

Basi tajiri mmoja akauzungushia mabati uwanja wetu, na hatukuwa na mwingine. Kila jioni tulikutana uani kwa Nekesa kupanga namna ya kuudai. Tulikunywa chai ya tangawizi kwenye vikombe vya bati, Nekesa akiimba, Barasa akiigiza kitambi cha tajiri mpaka watu wakagaragara. Sijacheka vile tena.

Lakini kila tukipanga kuandamana, tuliwakuta polisi wametangulia. Kisha wakamkamata Wanjala, mdogo wake Nekesa, akafungwa.

Asubuhi moja Tsuma alipeleka maziwa kantini ya polisi. Pembeni ameketi mtu wa kofia na miwani, anacheka na wakubwa. Kofia haikumdanganya Tsuma. Akarudi mbio kwa Nekesa.

"Dada, anayetuuza ni Barasa."

"Barasa huyu wetu?"

"Huyu huyu."

Jioni vijana wakamzunguka Barasa na marungu. Hakukana. Nekesa akapenya, akasimama mbele yake.

"Atakayempiga aanze na mimi."

"Mama, si ndiye aliyemfungisha Wanjala!"

"Najua. Chakula chake gerezani nakipeleka mimi." Akamgeukia Barasa, akamjazia chai kama siku zote. "Kunywa. Jumamosi asubuhi tunayang'oa yale mabati. Kawaambie waliokutuma utakalo."

Barasa alikunywa, akaondoka.

Jumamosi hatukuona askari hata mmoja. Barasa alikuwa amewaambia tunakutana stendi, upande wa pili wa mji. Nekesa akaimba, mtaa mzima ukatoka, na kabla ya adhuhuri mabati yote yalikuwa chini. Askari walipofika, watoto walikuwa wanacheza mpira na wazazi wamejaa uwanjani. Hawakuthubutu. Baadaye mahakama ikaturudishia ardhi yetu.

Barasa alifukuzwa kazi, akafungwa. Wanjala alitoka gerezani akichechemea, na anachechemea mpaka leo.

Sasa uwanja umejengewa lango, na juu yake panatosha jina moja tu. Wapo wanaosema Tsuma, maana bila yeye tungezidi kumnong'oneza jasusi siri zetu. Wapo wanaosema Nekesa, maana bila yeye Barasa angekufa palepale uani. Wengine wanasema Barasa, maana bila yeye ile Jumamosi tungezika watu.

"Mkiandika Barasa," Wanjala anasema, "mimi lango hilo sipiti."

Nekesa naye anasema, "Nilimkinga. Sikusema nimemsamehe." Lakini wazee tukikutana na kukumbuka zile jioni, ni vichekesho vya Barasa vinavyotutoa machozi, na Nekesa hulia wa kwanza.

Haya, fundi wa rangi yuko juu ya ngazi, anangoja. Wewe ungemwambia aandike jina la nani?